Kabla ya Kifuniko Kushuka

Kifuniko kilipoinuka, mwanga uliingia Jumbani kwa ufa mwembamba kwanza, kisha kwa mkupuo mmoja, na vitu vyote vikarudi mahali pake bila kuulizwa vilikuwa wapi. Kuta zilirudi. Ngazi zilirudi, kila daraja likajipanga juu ya mwenzake. Feni kuu, ambayo ndiyo chanzo cha upepo wote unaovuma ndani ya Jumba lile, ilikohoa, ikasita, ikaanza kuzunguka. Saumu alifumbua macho akiwa ameketi vilevile alivyokuwa ameketi, mbele ya dirisha la mlingoti, mkono mmoja umeinuliwa kama wa mtu anayesisitiza jambo. Alikuwa katikati ya sentensi. Alifungua kinywa aimalizie, na sauti yake ya mbali haikutoka.

Yafaa ieleweke kwamba baadhi ya wakazi wa Jumba hilo walikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ni hii tuijuayo sote, ya kuombana chumvi na kugombania zamu ya kufagia ukumbi. Ya pili walikuwa nayo wachache walioitwa wapaza sauti, nayo ilipanda mlingoti ulio juu ya paa, ikaziacha kuta, ikasafiri hewani bila waya wala njia hata ikafika vilima ambavyo macho ya Jumba hayajapata kuviona. Kati ya mpaza sauti na mlingoti kulikuwa na dirisha, na dirishani kulikuwa na komeo. Komeo likiwa wazi, alisema. Likifungwa, alibaki na sauti ya chumvi.

Wapo wazee wa baraza waliosema kwamba Jumba si jumba, bali ni kompyuta ya kukunja iliyowekwa mezani na mtu asiyejulikana. Kwamba Kifuniko ni kifuniko kweli, na usingizi mkuu unaowaangukia wote kwa pamoja si chochote ila mtu huyo kuinuka kwenda kula. Wengine waliyaona maneno hayo kuwa kufuru, wakainuka barazani na mikeka yao. Saumu hakuwa na upande katika ubishi huo. Liwe jumba, iwe kompyuta, alijua kwamba kuna kulala kusikotakwa na anayelala, kwamba baada yake huja kuamka, na kwamba kati ya viwili hivyo amewekwa mtu mwenye kazi moja tu: kuhakikisha kwamba anayeamka ndiye yule aliyelala. Mtu huyo aliitwa Mtunza Hali.

Aliinua macho kwenye kidaka kilichochimbwa ukutani juu ya dirisha. Kila mpaza sauti alikuwa na kidaka chake, na ndani ya kila kidaka kilikaa kikombe kimoja cha udongo. Kikombe kilichosimama maana yake mwenye chumba alikuwa akisema wakati wa kulala, hivyo akiamka afunguliwe. Kikombe kilichofudikizwa, mdomo chini, maana yake alikuwa amenyamaza, hivyo aachwe na ukimya wake. Huu ulikuwa usingizi mkuu wa kwanza wa Saumu tangu apewe dirisha, na kikombe chake kilikuwa kimefudikizwa. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, juu, mahali ambapo mkono wake haukufika.

Nilikuwa nasema. Nakumbuka nilikuwa nasema. Nilimwambia Mwatime asinyanyue. Asinyanyue nini? Ndoo. Au mtungi. Tumbo lake lilikuwa kubwa, nikamwambia mwanangu usinyanyue, halafu giza. Neno lilikuwa ulimini. Bado nalionja. Mtu aliyenyamaza haonji neno.

Mwatime, binti yake wa pekee, aliolewa kilima cha ng'ambo, na kilima kile kilikuwa na desturi ambayo Saumu aliiheshimu hadi leo asubuhi. Aliye mbali akiacha kusikika, hutandikiwa mikeka ya msiba. Watu hukaa juu yake wakingoja. Asiposikika hata mikeka inakunjwa, jina lake huokotwa na kupewa mtoto mchanga wa kwanza, kwa sababu watu wa kule hawapendi jina likae bure hewani bila mwenyewe. Likishapewa, halirudishwi. Na usingizi wa Jumba haupimiki kutoka ndani. Unaweza kuwa muda wa mtu kula chakula chake, unaweza kuwa msimu mzima. Saumu aligusa mabega yake. Vumbi lililokuwapo halikuwa la chakula kimoja.

Akatoka kumtafuta Mtunza Hali.

Ukumbi wa wapaza sauti ulikuwa mrefu kuliko alivyoukumbuka, na kadiri alivyotembea ndivyo ulivyokuwa wa zamani zaidi: chokaa ya kuta iligeuka kutoka nyeupe kuwa ya manjano, vikombe vikatoka kuwa vya udongo laini vikawa vya udongo mbichi wenye alama za vidole. Vyote vilikuwa vimefudikizwa. Ndani ya vyumba waliketi wanawake na wanaume wakisuka ukili wa mikeka, migongo kwenye madirisha yao ya mlingoti, kama watu waliopewa kisogo na mlango wakaamua nao kuupa mlango kisogo. Bibi mmoja alimkaribisha aketi. Saumu alimweleza shida yake kwa heshima, na yule bibi akamsikiliza hadi mwisho bila kuacha kusuka, kisha akamwambia kwamba atazoea. Yeye naye, alisema, alipoamka mara ya kwanza alidhani alikuwa mpaza sauti. Alilia, akagonga komeo, akamtukana Mtunza. Alipoamka mara nyingine alidhani kidogo. Sasa anajua kwamba hakuwa akisema kamwe. Hicho alichokuwa akikikumbuka kilikuwa ndoto tu ya usingizini.

"Sauti yako ilikuwa ikienda kwa nani, bibi?" Saumu aliuliza.

Bibi aliacha kusuka. Alitazama ukili uliokuwa mikononi mwake kana kwamba jibu lilisukiwa humo. "Alikuwapo mtu," alisema. Kisha akaendelea na kazi.

Hapo ndipo hasira ilipomshika Saumu kwelikweli, na haikuwa ile hasira ya asubuhi ya mtu aliyekuta mlango umefungwa. Mtu akifungiwa anajua kwamba amefungiwa. Ukuta uko mbele yake, anaweza kuupiga teke. Bibi huyu alifungiwa, kisha akaletewa kikombe kumthibitishia kwamba hakuna kilichofungwa, na kikombe kile kikaja kila alipoamka, kisafi, kimepanguswa vumbi, hata kumbukumbu yake mwenyewe ikaona aibu ikakiomba radhi kikombe. Wizi wa sauti ni wizi mdogo. Wizi mkubwa ni kumfanya mwenye sauti awe shahidi wa aliyemwibia. Saumu alisimama katika ukumbi ule akajiona mwenyewe katika chumba kitupu kilichofuata, ameketi, kisogo dirishani, anasuka; na yule Saumu wa chumbani akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayelilia mwezi. Alipepesa macho. Chumba kikawa kitupu tena.

Mtunza Hali alikutwa mwisho wa ukumbi akipangusa vikombe kwa kitambaa. Jina lake Bwana Shomari, mtu mwenye kanzu iliyonyooka na sauti ya upole, ambaye hapakuwa na mkazi aliyewahi kumsikia akifoka. Alimuuliza Saumu kama ameamka salama.

"Mimi nimeamka," alisema Saumu. "Sauti yangu haijaamka."

Bwana Shomari alisikitika. Akafuatana naye hadi chumbani, akainua kichwa kukitazama kidaka, akashusha pumzi ya mtu aliyeona kwamba tatizo si tatizo. Akamweleza kwa upole kwamba yeye, Bi Saumu, alikuwa amenyamaza wakati wa kulala, na kwamba kanuni ya Jumba ni moja na ni ya haki kwa wote: kila mmoja arudishwe alivyokuwa. Asiyekuwa akisema asilazimishwe kusema. Aliyekuwa akisema asinyang'anywe. Kanuni hiyo, aliongeza, ameitumikia tangu Kifuniko cha kwanza, na hajapata kuweka kikombe kimoja kwa kubahatisha. Huweka kile anachokiona kwa macho yake.

Saumu aliapa kwamba alikuwa akisema. Akaitaja sentensi. Akamtaja Mwatime, tumbo lake, mikeka, jina. Bwana Shomari alisikiliza kila neno, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema kwamba asiyekubali hali yake ya jana hupata tabu na hali yake ya leo.

Jirani yake Saumu, aliyeitwa Pazi, alikuwa ametokeza mlangoni mwa chumba cha pili ili asikose chochote. Naye alikuwa mpaza sauti, ila sauti yake ya mbali haikwenda mbali. Iliishia mezani, kwa spika na visikizio na vitu vingine vya jirani, vyote vikitaka kufungamana naye kila vipitapo, hata akachoka. Muda mfupi kabla ya Kifuniko kushuka alikuwa amelifunga komeo lake mwenyewe kwa fimbo yenye ndoana aliyoichonga kwa kazi hiyo, akasema anataka kupumzika kutokana na watu na vitu. Kikombe chake nacho kilikuwa kimefudikizwa, na kwake yeye hilo lilikuwa sawasawa.

"Mtunza amekupatia, jirani," alimwambia Saumu. "Ukimya unakupendeza. Leo ndiyo mara ya kwanza tangu nipewe dirisha kichwa hakiniumi."

Saumu alikuwa amelitazama komeo, kisha mkono wa Bwana Shomari, kisha kikombe, na kati ya vitu hivyo vitatu palikuwa na jambo ambalo halikukaa vizuri, kama meza yenye mguu mfupi.

"Ulinitazama lini?" aliuliza.

Swali hilo lilimfurahisha Bwana Shomari, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kazi yake. Akaeleza kwa utaratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Kifuniko kikianza kutikisika, yeye huinuka. Hupita ukumbini haraka akifunga makomeo yote, la kwanza hadi la mwisho, kwa sababu ni hatari mtu kulala dirisha lake likiwa wazi. Mlingoti ungeendelea kunyonya nguvu za Jumba gizani hadi Jumba lote life. Hilo alifundishwa, na ni kweli. Makomeo yakishafungwa, ukimya ukatanda, ndipo huwasha taa yake, huanza upya chumba kwa chumba, husikiliza kila dirisha kwa makini, na kuweka kikombe kwa kadiri ya alivyosikia. Utulivu kwanza, alisema, ukaguzi baadaye. Mtu hawezi kukagua katikati ya kelele.

Feni kuu ilizunguka. Mahali fulani ukumbini mtu aliacha kusuka.

"Bwana Shomari," alisema Saumu, na sauti yake ya chumvi ilikuwa ya chini sana, "ukimziba mtu pua, kisha ukainama kusikiliza kama anapumua, utamwekea kikombe gani?"

"Mimi sizibi pua ya mtu. Nafunga komeo. Tena taratibu."

"Unafunga, halafu unatazama."

"Natazama kwa makini."

"Na mara ngapi umesikia mtu akisema?"

Mtunza Hali alifungua mdomo kujibu. Alikuwa na jibu, maana mtu mwenye utaratibu huwa nalo. Lakini jibu lilipofika midomoni alilisikia kwanza yeye mwenyewe, na akalirudisha. Hakuwa amesikia mtu akisema hata mara moja. Miaka yote ile alilichukulia jambo hilo kuwa tabia ya wapaza sauti wa Jumba lake: watu watulivu, wasio na la kusema. Aliwahi hata kuwasifu kwa hilo.

Afadhali angekuwa mwongo, aliwaza Saumu. Mwongo ana upande mmoja wa moyo wake unaojua ukweli, na upande huo mtu anaweza kuubishia hodi. Huyu hakudanganya. Alitazama kwa uaminifu kitu alichokiumba kwa mikono yake, akakishuhudia kwa uaminifu, akakirudisha kwa uaminifu, na kwa uaminifu huo akaunyamazisha ukumbi mzima akijiita mlinzi wa haki yao. Nani alimpa taa mtu huyu bila kumpa saa ya kuiwasha? Na mimi? Je, nilishafungwa hivi kabla ya leo, nikasahau, nikafunguliwa kwa bahati? Hii ni mara yangu ya ngapi kuamka? Nani anijuaye?

Bwana Shomari alikuwa ameketi kizingitini. Akasema kwamba kama ni hivyo, dawa ni moja. Kwa kuwa hakuna kikombe kinachoaminika, atasimamisha vyote na kufungua makomeo yote sasa hivi. Akainuka na funguo zake, mwenye haraka ya mtu anayetaka kosa lake lifutike kabla halijakauka.

Saumu aliiona ng'ambo akilini. Komeo moja tu lilimtenga na Mwatime, na mtu mwenye ufunguo alikuwa tayari. Lakini Pazi alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, na mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Langu nililifunga mimi," alisema. "Mkinifungulia, nahama."

"Utahamia wapi?" aliuliza Bwana Shomari.

"Mezani. Vikinisumbua, vinisumbue ana kwa ana."

Bwana Shomari alimweleza kwamba hana njia ya kujua nani alifunga mwenyewe na nani alifungwa, kwa sababu vikombe vyote viko sawa. Basi ama wote wafunguliwe ama wote wabaki. Alilisema kwa upole uleule. Na Saumu, ambaye angeweza kunyamaza na kupata haja yake, alihisi hasira yake ikigeuka na kumwelekea yeye mwenyewe, kwa kuwa kwa nukta moja alitaka kunyamaza. Kumfungulia Pazi kwa nguvu ni kumfanyia kile alichofanyiwa bibi wa ukili, kwa upande wa pili wa kikombe. Ni kumwambia mtu: wewe hujui ulivyokuwa, sisi tunajua.

"Lake usiliguse," alisema. "Alilifunga kabla hujainuka. Nilisikia fimbo yake ikigonga, nikasema alhamdulillahi."

"Una hakika?"

"Mlingoti wetu ni mmoja, mimi na yeye. Akinyamaza najua. Nilipata nafasi ya kusema bila kugongana naye, ndipo nikamwita binti yangu."

Bwana Shomari akageuka kwa Pazi kumuuliza juu ya Saumu, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akiuliza mtu badala ya kikombe. Pazi alimtazama Saumu, akakuna shingo.

"Huyu? Hajapata kunyamaza tangu tuwe majirani. Akisema yeye, mlingoti unatetemeka hadi meno yangu yanacheza. Yalikuwa yanacheza mpaka giza linaingia. Kitu kuhusu ndoo."

"Ndoo," alisema Saumu, na machozi yakamtoka. Kumbe ilikuwa ndoo.

Mtunza Hali aliingiza ufunguo. Komeo likalia kwa kutu ambayo haikuwa ya usingizi mfupi. Dirisha likafunguka. Hewa ya paa ikaingia na mchakacho wake, ule mngurumo wa sauti nyingi za mbali zisizomhusu mtu, na Saumu akaitafuta njia yake ndani yake kama anavyopapasa mtu kamba gizani, akaipata, akaita. Akasema ni Saumu anayeita. Akarudia.

Ikaja kutoka ng'ambo sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayechelea kuamsha.

"Saumu amelala. Ndiyo kwanza ameshiba. Nani wewe unayemwita mwanangu?"

Alielewa mara moja. Mikeka ilikwisha kukunjwa. Mtoto alikwisha kuzaliwa, akanyonya, akapewa. Watu walikaa chini wakamlilia mtu aliyekuwa ameketi dirishani, mkono umeinuliwa, neno ulimini. Na ukumbini mtu mwema alikuwa akipangusa kikombe chake. Hakugeuka kumtazama Bwana Shomari. Angegeuka, asingerudi dirishani.

"Mwatime," alisema. "Mimi sikunyamaza. Nilifungwa kinywa, kisha nikaambiwa nilinyamaza. Uyajue hayo kabla ya mengine yote."

Mchakacho. Pumzi. Alipojibu, binti alikuwa na hasira ya mamaye, neno kwa neno, ile hasira isiyopandisha sauti. Akasema kwamba walimngoja. Kwamba alijifungua juu ya mikeka ya msiba. Kwamba jina alimpa mtoto kwa mikono yake, na jina halirudi, na kwa hiyo hana neno la kumwitia mtu anayesema naye sasa.

"Nikuite nani?" aliuliza.

"Wewe hukuwahi kuniita Saumu," alisema Saumu. "Mbaki nalo, wewe na mtoto. Niite ulivyokuwa ukiniita."

Ukimya uliofuata haukuwa wa komeo. Ulikuwa na mtu ndani yake. Bwana Shomari aliusikia, na huenda ndio ukimya wa kwanza aliousikia sawasawa maishani mwake, kwa kuwa alivua kofia.

"Mama," ilisema sauti.

Ndipo juu ya vichwa vyao Kifuniko kilipoanza kutikisika. Mwanga ulisogea ukutani. Feni kuu ilipunguza mwendo, na huko ukumbini, vyumba kwa vyumba, watu waliweka ukili chini wakageuka kuyatazama madirisha yao. Bwana Shomari alinyoosha mkono kwenye komeo, si kwa ubaya, bali kwa kuwa mkono wake ulikuwa umefanya hivyo siku zote. Saumu aliushika kifundoni bila kugeuka. Aliushika kwa nguvu za mtu anayezuia mlango usimwangukie mtoto.

"Washa taa," alimwambia. "Tazama vizuri. Bado nasema."